Giovanni Battista Tiepolo: Mchoraji wa Hagari Jangwani

Kiangazi kikikolea, akina mama wa Meatu, Maswa na Bariadi hufukua mchanga wa mito iliyokauka wakitafuta maji. Ndiyo maana waamini wa Simiyu hawahitaji maelezo mengi wanaposikia Mwanzo sura ya 21: Hagari ameishiwa maji jangwani, amemlaza mwanawe chini ya kichaka, amekaa mbali ili asimwone akifa. Karibu miaka 300 iliyopita, Mkatoliki mmoja wa Italia aliichora habari hiyo zaidi ya mara moja.

Giovanni Battista Tiepolo alizaliwa Venezia tarehe 5 Machi 1696, kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Baba yake, mfanyabiashara mdogo wa mambo ya meli, alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja hivi. Mama mjane akabaki na mzigo wa malezi. Kijana alijifunza uchoraji kwa Gregorio Lazzarini, na mwaka 1717 akapokelewa katika chama cha wachoraji wa mji huo. Mwaka 1719 alimwoa Maria Cecilia Guardi. Wana wao wawili, Domenico na Lorenzo, baadaye walikuwa wasaidizi wake.

Mnamo 1726 alianza kazi mjini Udine, ambako Patriarki Dionisio Dolfin alimpa kazi ya kupamba jumba lake. Alichora juu ya lipu mbichi. Kazi hiyo haisubiri: rangi lazima iingie ukutani kabla lipu haijakauka. Katikati ya dari aliweka Abrahamu akiwa tayari kumtoa Isaka sadaka. Upande mmoja akaweka Hagari na Ishmaeli. Mpangilio huo ni katekesi tosha. Mtoto wa ahadi na mtoto aliyefukuzwa wako kwenye dari moja, na kila mmoja ametumiwa malaika.

Miaka michache baadaye alimchora Hagari tena, safari hii kwenye turubai. Picha hiyo imo leo katika Scuola Grande di San Rocco, Venezia, nyumba ya chama cha waamini kilichojulikana kwa kuwasaidia maskini na wagonjwa.

Sifa zake zikavuka mipaka. Kuanzia 1750 hadi 1753 alifanya kazi Würzburg, Ujerumani, katika jumba la Askofu aliyekuwa pia mtawala. Mwaka 1762, akiwa na miaka 66, alifika Madrid alikoitwa na Mfalme Carlos III. Alikwenda na wanawe wawili. Mkewe alibaki Venezia. Baada ya dari za ikulu, alipewa kazi ya kuchora picha saba za altare za kanisa la Mtakatifu Paskali huko Aranjuez. Alifariki Madrid tarehe 27 Machi 1770. Picha zile hazikudumu kanisani. Ladha ya ikulu ilikuwa imebadilika, zikaondolewa na kuwekwa za wachoraji wengine. Baadhi zilikatwa vipande.

Mseminari anayejiandaa kwa utume aukumbuke mwisho huo. Kazi ya mikono yetu inaweza kuondolewa na atakayekuja baada yetu. Lakini Hagari wa Udine bado yuko darini. Katika Maandiko, Mungu alimfumbua macho mama huyo akaona kisima, akajaza kiriba, akamnywesha mtoto. Nasi tuombe macho ya namna hiyo, ili tusimpite mama anayefukua mchanga mtoni.