Rudolf Diesel: mtu ambaye jina lake liko chini ya kapo ya pikapu yako

Lubumbashi – Kwenye garaji za mji huu, pikapu ya zamani inaletwa na malalamiko yale yale. Asubuhi inakataa kuwaka, inatoa moshi mweusi, inakunywa mazutu kupita kawaida, na mlima ukifika haina tena nguvu. Fundi anafungua kapo, anatoa enjektere moja moja na kuzipima kwa pompi ya mkono. Iliyo nzima inanyunyiza mazutu kama ukungu. Iliyochakaa inatoa mchirizi, au inadondosha matone.

Kazi hiyo ya kila siku inatokana na shida moja iliyomsumbua Rudolf Diesel, mtu aliyevumbua moteri ya mazutu. Jina lake tunalitaja kila siku kwenye stesheni za mafuta, lakini maisha yake ni wachache wanaoyajua.

Mtoto aliyefukuzwa na vita

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 mwezi wa tatu 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, familia hiyo ililazimika kuacha kila kitu na kukimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Rudolf, akiwa na miaka 12, alitumwa peke yake mpaka Augsburg, Ujerumani, kwa mjomba aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Akiwa huko aliamua kuwa injinia. Alisoma katika chuo cha ufundi cha Munich, na mwaka 1880 alimaliza kwa alama za juu sana. Mwalimu wake, Carl von Linde, mtaalamu wa mashini za baridi, alimfundisha jambo moja ambalo halikumtoka tena kichwani: mashini za mvuke za wakati ule zilipoteza karibu sehemu tisa juu ya kumi za joto la makaa yaliyochomwa. Kijana huyo alijiuliza kama kuna njia ya kuokoa joto hilo.

Kwa miaka mingi alifanya kazi ya viwanda vya barafu vya Linde, kwanza Paris, halafu Berlin. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Lakini wakati wake wa ziada ulikwenda kwenye moteri.

Hewa iliyobanwa inawasha mafuta

Wazo lake lilikuwa hili: ukibana hewa peke yake ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, hewa hiyo inakuwa ya moto sana. Ukiingiza mafuta wakati huo huo, yanawaka yenyewe. Hakuna haja ya buji wala ya cheche. Mwaka 1893 alipata hati ya uvumbuzi, na kiwanda cha mashini cha Augsburg pamoja na kampuni ya Krupp vikakubali kulipia majaribio.

Jaribio la kwanza, tarehe 10 mwezi wa nane 1893, lilikaribia kumuua. Mafuta yaliwaka kwa nguvu kiasi kwamba chombo cha kupimia shinikizo kilipasuka na vipande vikaruka. Lakini Diesel alifurahi, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mafuta yanaweza kuwaka bila moto wa nje. Mwezi wa pili 1894, moteri ilizunguka yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Ilihitaji miaka mitatu mingine ya kazi. Mwaka 1897, profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima mbele ya watu. Ilikuwa na silinda moja, nguvu za farasi karibu 20, na iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashini ya mvuke iliyoikaribia.

Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1900 ilipata tuzo ya juu. Huko huko, moteri moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni ya Afrika yangeweza kupata nguvu kutokana na mazao ya udongo wao.

Shida ya kuingiza mafuta

Diesel alikuwa na ndoto. Alitaka moteri ndogo na ya bei nafuu, ili fundi mdogo mwenye karakana yake aweze kushindana na viwanda vikubwa vyenye mashini za mvuke. Ndoto hiyo hakuiona ikitimia.

Shida ilikuwa kwenye kuingiza mafuta. Ndani ya silinda hewa imebanwa sana, kwa hiyo mafuta lazima yasukumwe kwa nguvu kubwa kuliko hiyo, yagawanyike kuwa ukungu, na yafike kwa wakati wake kamili. Diesel alitumia hewa nyingine iliyobanwa zaidi, iliyopuliza mafuta ndani. Hewa hiyo ilidai kompresa, na kompresa iliifanya moteri kuwa nzito na ya gharama. Ilifaa kwa viwanda na meli. Mwaka 1908 alijaribu kutengeneza moteri ndogo ya kamyo, lakini haikufaulu.

Wakati huo huo, mambo yake mwenyewe yalikuwa yakiharibika. Alikuwa amekuwa tajiri kwa kuuza haki za uvumbuzi wake, akajenga nyumba kubwa Munich. Lakini kesi za mahakamani, ugonjwa na biashara mbaya vilimaliza mali yake.

Usiku wa tarehe 29 mwezi wa tisa 1913, alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Siku chache baadaye, mashua ya Uholanzi iliona maiti baharini. Mabaharia walichukua vitu vya mfukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengi wanaamini alijiua kwa sababu ya madeni, wengine wanataja ajali au mauaji. Hakuna aliyethibitisha. Alikuwa na miaka 55. Mji wetu, wakati ule Élisabethville, ulikuwa na miaka mitatu tu.

Wengine walimalizia

Jibu lilikuja baada yake. Huko Stuttgart, Robert Bosch aliamua mwaka 1922 kutengeneza pompi ya kusukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa, na mwaka 1927 ilianza kutoka kiwandani kwa wingi. Pompi hiyo na enjektere zake ndizo zilizoingiza moteri ya Diesel kwenye kamyo, kisha kwenye motokari ndogo na pikapu.

Ndiyo maana enjektere si kitu cha kupuuzwa. Sindano iliyo ndani yake inacheza katika nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Maji au vumbi katika mazutu vinaikwangua, na ikichakaa moteri nzima inaumia. Basi, siku ya kuzibadilisha, filta ya mazutu ibadilishwe pia. Rondele ya shaba iliyo chini ya kila enjektere iwe mpya, mahali inapokaa pasafishwe vizuri, na hewa itolewe kwenye mipira kabla ya kuwasha. Wakati wa kupima, mkono usiwekwe mbele ya mnyunyizo: mazutu yenye shinikizo hilo yanapenya ngozi na yanaweza kumfanya mtu apoteze kidole.

Leo mama anayeleta magunia ya mahindi au makala mjini kwa pikapu ya zamani ni mfanyabiashara mdogo mwenye moteri yake. Huyo ndiye mtu Diesel aliyemfikiria. Alimfikia kwa kuchelewa, kupitia kifaa kidogo ambacho mvumbuzi mwenyewe hakukiona.