Burkitt: Daktari aliyefumbua siri ya uvimbe wa taya

MWAKA wa 1957, mtoto mmoja alilazwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Hali hiyo ilimtatiza Dkt Denis Burkitt, kwani uvimbe wa kawaida huanzia mahali pamoja.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama huo. Alipompima tumbo, alipata uvimbe humo pia. Burkitt alirejea Mulago, akapekua rekodi za wagonjwa na kubaini kuwa visa vilivyodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali vilikuwa ugonjwa mmoja.

Mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, mnamo 1911, Burkitt alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11. Hata hivyo, alihitimu udaktari jijini Dublin na kubobea katika upasuaji. Alihudumu Kenya akiwa daktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akaajiriwa Uganda mnamo 1946.

Alichapisha matokeo yake mnamo 1958. Baadaye, wataalamu wa maabara wa Kampala walithibitisha kwamba hiyo ilikuwa saratani ya tezi za limfu.

Kwa mpasuaji, hiyo haikuwa habari njema. Kisu kiliharibu sura ya mtoto bila kumponya, na ugonjwa uliua kwa miezi michache. Uganda nayo haikuwa na mitambo ya kutibu kwa miale. Burkitt aliweka kisu kando na kujaribu dawa za kuua seli za saratani. Baadhi ya watoto walipona baada ya dozi moja au mbili tu. Jijini Nairobi, Dkt Peter Clifford pia aliwatibu watoto kwa dawa hizo.

Ili kujua chanzo, mnamo 1961 Burkitt na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini, mwendo wa kilomita 16,000 hivi kwa wiki kumi. Waligundua kuwa ugonjwa ulikithiri penye joto na mvua, na ulikuwa nadra nyanda za juu zenye baridi, sawa na malaria.

Mwaka huo huo, mtafiti Anthony Epstein alihudhuria mhadhara wa Burkitt jijini London, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo. Mnamo 1964, Epstein na wenzake walitangaza kupata ndani yake virusi, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Sasa inajulikana kuwa virusi hivyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia ugonjwa huo.

Burkitt aliaga dunia Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Saratani inayoitwa kwa jina lake ingali inawapata watoto wa Afrika Mashariki. Hutibika kwa dawa, ila hukua upesi mno. Mtoto anayevimba taya au kulegea meno bila sababu hafai kucheleweshwa nyumbani.