Tycho Brahe, Mpimaji wa Nyota

Wenzangu, nawaletea habari za Tycho Brahe, aliyezaliwa Denmark mwaka 1546. Kipande cha pua yake kilikatwa kwa upanga mwaka 1566, akavaa cha madini! Lakini mimi namsifu kwa vipimo. Kisiwani Hven, bila darubini, alipima mahali pa nyota kwa vyombo vikubwa, akikosea mara nyingi dakika moja au mbili tu. Na digrii moja ina dakika 60. Alifariki Prague mwaka 1601, Kepler akarithi hesabu zake. Njia ya duara aliyoikadiria Kepler kwa sayari ya Mirihi ikapishana na vipimo hivyo kwa dakika 8. Mwingine angezipuuza. Kepler alimwamini marehemu, akaitupa kazi yake ya miaka, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu.