Lizzie Borden: Nyumba iliyogawanyika kabla ya shoka

Juma hili nimeweka kando mijadala yetu ya kawaida ili nikusimulie habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1927. Hakuwa Muislamu na sikusudii kumtukuza. Nimemchagua kwa sababu kisa chake ni cha baba mwenye mali, mama wa kambo na mabinti walioacha kusemezana. Mambo hayo yapo Magomeni na Kariakoo, na yapo Mombasa pia. Nitaeleza mwishoni kwa nini yamenigusa mimi mwenyewe.

Lizzie Borden alizaliwa Julai 19, 1860, katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts, mji uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya nguo. Mama yake alifariki mwaka 1863, Lizzie akiwa hajatimiza miaka mitatu. Dada yake mkubwa, Emma, wakati huo alikuwa na miaka 12, na yeye ndiye aliyemkumbatia mdogo wake. Mwaka 1865 baba yao, Andrew Borden, alioa mke mwingine aliyeitwa Abby Gray.

Mzee Andrew alianza maisha kwa kuuza samani na majeneza. Akanunua majengo ya kupangisha, akaingia katika bodi za viwanda, akafikia kuwa rais wa benki ya akiba. Mali yake ilikadiriwa kufikia dola 300,000, ambazo kwa thamani ya leo ni mamilioni. Hata hivyo alikuwa mkono wa birika. Matajiri wenzake walijenga mtaa wa kilimani, yeye akabaki kule chini karibu na maduka, katika nyumba isiyo na bafu, inayomulikwa kwa taa za mafuta.

Mabinti wale hawakuolewa. Lizzie alikuwa mcha dini kwa dini yake: akifundisha watoto kanisani na akishiriki katika chama cha wanawake waliopiga vita pombe. Nje alionekana binti mwema, lakini ndani ya nyumba milango ilifungwa kwa funguo baina ya chumba na chumba, na mara nyingi mabinti hawakula meza moja na wazazi.

Chanzo kinajulikana. Mwaka 1887 Andrew alinunua sehemu ya nyumba kwa ajili ya mdogo wake Abby kwa upande wa baba, ili asije akakosa pa kukaa. Lilikuwa jambo la huruma, lakini mabinti hawakuambiwa na baba yao. Walilisikia kutoka nje. Wakaja juu, na baba ili kuwatuliza akawapa nyumba ya babu yao. Haikusaidia kitu. Tangu hapo Lizzie aliacha kumwita Abby mama, akamwita Bibi Borden kama anavyoitwa mgeni. Mwezi Julai 1892 mabinti walimuuzia baba yao nyumba ile ile kwa dola 5,000. Angalia hapo, ndugu msomaji: baba na watoto wanauziana nyumba kama wafanyabiashara wasiojuana.

Wiki chache baadaye, Alhamisi ya Agosti 4, 1892, Abby aliuawa kwa shoka katika chumba cha wageni ghorofani, yapata saa tatu na nusu asubuhi. Alipigwa karibu mapigo 20. Andrew alikuwa mjini kwa shughuli zake. Alirejea karibu saa tano kasorobo, akajilaza kwenye kochi sebuleni, naye akauawa hapo hapo kwa mapigo 10 au 11. Emma alikuwa safarini. Mjomba wao, aliyelala pale usiku ule, alikuwa ametoka kutembelea jamaa. Waliojulikana kuwapo ni wawili tu: Lizzie, na mtumishi wa Kiayalandi, Bridget Sullivan, ambaye asubuhi ile aliosha madirisha kisha akapanda chumbani kwake kupumzika. Lizzie ndiye aliyemwita kumwambia baba ameuawa.

Lizzie alisema alikuwa darini mwa banda la uani akitafuta vipande vya risasi vya kutengenezea chubwi za kuvulia samaki. Alisema pia kuwa Abby aliletewa barua ya kuitwa kwa mgonjwa, lakini barua hiyo haikuonekana. Siku tatu baada ya mauaji alichoma gauni jikoni, akisema limechafuka kwa rangi. Muuza dawa mmoja alidai kuwa siku moja kabla ya mauaji binti huyo alifika dukani kwake akitaka sumu kali, naye akamnyima. Agosti 11 Lizzie alikamatwa.

Sasa tufike penye mirathi. Baina ya kifo cha Abby na cha Andrew ilipita zaidi ya saa moja. Madaktari walilijua hilo kwa damu iliyokwishaganda, kwa ubaridi wa mwili, na kwa chakula kilichokuwa tumboni. Kwa nini saa hiyo ni nzito? Kwa sababu Andrew hakuonekana kuacha wasia. Kama yeye angetangulia kufa, mkewe angepata fungu lake, na baada ya Abby kufa fungu hilo lingekwenda kwa ndugu zake. Kwa kuwa Abby ndiye aliyetangulia, hakurithi kitu, na mali yote ikawaangukia Emma na Lizzie.

Wanafunzi wa fiqhi hawatashangaa. Nasi hutazama nani alitangulia, kwani maiti hamrithi aliye hai. Wanapokufa wawili chini ya kifusi au katika maji na isijulikane nani alianza, wanazuoni wengi wanasema hawarithiani. Tena, aliyemuua anayemrithi hunyimwa urithi huo. Lakini kuua huko kuthibitike, kusiwe kwa kudhaniwa tu.

Kuthibitisha ndiko kulikoshindikana. Kesi ilianza Juni 5, 1893, mjini New Bedford. Lizzie alitetewa na gavana wa zamani wa jimbo lile, George Robinson. Majaji walikataa ushahidi wa muuza dawa. Walikataa pia maneno ya Lizzie mwenyewe katika uchunguzi wa awali, kwa kuwa alihojiwa bila wakili huku kwa hakika akiwa tayari mikononi mwa dola. Kishoka kilichovunjika mpini kilitoka katika chumba cha chini ya nyumba, lakini haikuthibitika kuwa ndicho kilichotumika. Hakuna aliyemwona Lizzie na damu mwilini. Juni 20, wanaume 12 waliopewa uamuzi walikaa kama saa moja na nusu, wakarudi na jibu kwamba hana hatia. Hakuna mtu mwingine aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji yale.

Nakiri kwamba niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nilimhukumu bila kusita. Nikakisimulia barazani kama mtu aliyekuwa dirishani akitazama. Siku hizi nasita. Kuna mengi ya kumtilia shaka, na kuna pengo ambalo shaka hailijazi. Mola wetu ametutahadharisha na wingi wa dhana, akatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Sisi ambao majirani wametutazama kwa jicho la shaka kwa sababu ya kanzu na ndevu tunapaswa kuwa wa kwanza kuijua thamani ya ushahidi. Hata pale Fall River, siku za mwanzo watu walielekeza kidole kwa wageni, Wareno, kwa ugeni wao tu.

Lizzie aliachiwa huru na mahakama lakini si na mji. Yeye na dada yake walinunua nyumba kubwa kule kilimani alikokuwa akikutamani. Aliporudi kanisani, waliokuwa karibu naye walihama viti. Watoto wakatunga wimbo wa kumwita muuaji, wimbo ambao hata idadi ya mapigo uliikosea. Mwaka 1905 Emma, yule dada aliyemlea, akahama nyumba ile, na hawakuishi pamoja tena. Lizzie alifariki Juni 1, 1927, na Emma akamfuata siku tisa baadaye. Wamezikwa pamoja na baba yao. Katika wasia wake Lizzie aliacha dola 30,000 kwa chama cha kuhifadhi wanyama cha mjini pale, na dola 500 za kulitunza kaburi la baba.

Sasa niseme langu. Mke wangu wa kwanza alifariki akiniachia watoto, na kwa rehema za Allah nikaoa tena. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja nikakiandikisha kwa jina la mke wangu wa sasa. Sikuwaambia wanangu wakubwa, nikidhani kwamba mali ni yangu na sina wa kumtaka ruhusa. Wakasikia mtaani. Hakuna aliyenitukana. Ila simu zilipungua, na Idi iliyofuata binti yangu alikuja akakaa ukumbini kama mgeni, akanywa chai, akaaga.

Kumpa mke zawadi si haramu. Lakini Mtume wetu (SAW) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba alimpa mtoto mmoja akawaacha wengine. Hapo tunajifunza kwamba mali inayotembea gizani ndani ya nyumba huzaa chuki. Uislamu umekwisha gawa: mke mwenye mume aliyeacha watoto ana thumni yake, mabinti wawili wasio na kaka wana theluthi mbili, na kinachobaki kina wenyewe. Mafungu haya yanajulikana mapema, ili mtoto asihitaji kuvizia wala mama wa kambo asihitaji kuogopa.

Mwezi uliopita nikawakusanya wote, mke na watoto, nikaweka hati zote mezani mbele ya mashahidi wawili. Nikaeleza nilichotoa na sababu yake, nikaandika madeni yangu na wasia wangu. Mwanangu mkubwa aliuliza maswali mazito na mengine yaliniuma. Bora nimeyasikia nikiwa hai.

Nani aliyeshika shoka Agosti 4, 1892, Allah ndiye Mjuzi. Lakini nyumba ile ilikuwa imepasuka miaka mitano kabla, siku baba alipotia saini akanyamaza. Wewe msomaji mwenye nyumba, hati zako ziko wapi, na nani anajua kilichomo?

Wabillahi tawfiq.