Haroun Tazieff, Goma na hesabu ya moto

Ukitoka Bweremana kuelekea Goma, ukishapita Sake, gari inapanda juu ya mawe meusi ya volkano. Pande hizo njo kulianzia kazi ya Haroun Tazieff, mtu ambaye jina lake lilijulikana dunia nzima. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunamukumbuka kama mtu wa madini kwanza, na mtu wa volkano nyuma.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1914. Baba yake alikufa katika vita, na mama akaenda kumulelea Ubelgiji. Alisoma kilimo, kisha akasoma mambo ya mawe na udongo, akamaliza 1944, huku akiwa katika kundi la kupinga Waalemani. Vita ilipoisha alikuja Congo, akafanya kazi ya kutafuta kasiterite Katanga. Nyuma ya pale akaletwa Kivu.

Mwaka 1948 moto ulitoka Kituro, ubavuni mwa Nyamulagira. Alitumwa kuangalia. Hakuangalia kwa mbali: alisogea, akapima, akaandika. Mwaka ule ule aliingia ndani ya shimo la Nyiragongo na kuona ziwa la moto. Alirudi tena na wenzake, 1959 na 1972, kupima joto na gesi. Filamu yake ya 1959 ilionyesha volkano kwa watu ambao hawajawahi kuona hata moja.

Alikuwa mtu wa kubishana. Mwaka 1976, kisiwani Guadeloupe, wakubwa walihamisha watu zaidi ya 70 000 juu ya volkano ya Soufrière. Yeye alisema hapana lazima, kwa sababu alichoona ni mvuke, si moto mpya. Mlipuko mkubwa haukukuja, lakini kazi ya ukubwa aliyokuwa nayo Paris ilimutoka. Baadaye serikali ya Ufaransa ilimupa kazi ya kuzuia hatari za asili, na toka 1984 mpaka 1986 alikuwa ndani ya serikali. Mwaka 1982 Ufaransa iliweka sheria ya ramani za hatari: kabla mtu hajajenga, ajue kiwanja kiko mahali gani. Alikufa Paris mwaka 1998.

Miaka ine nyuma ya kifo chake, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya Goma. Hapo watafiti wa Italia walifanya kazi kwa kompyuta. Waliweka mlima na mji ndani ya hesabu, na kompyuta ikatafuta njia ambayo moto unateremukia. Ilirudilia mara mingi sana, kila mara ikibadilisha kidogo urefu wa udongo, kisha ikahesabu ni mara ngapi kila sehemu ya mji imefikiwa. Wakajaribu pia kuweka kuta ndani ya hesabu. Matokeo yalitoka 2009: kuta mbili zingeweza kukinga sehemu kubwa ya Goma, lakini mashariki ya mji, kule kulikoungua sana, hakuna ukuta wa kukuokoa; watu wangepashwa kuhama.

Watu walijenga tena kule kule. Kuta hizo sisi hatujaziona. Tarehe 22 Mei 2021 moto uliteremuka tena, ukasimama karibu na mji, na siku chache nyuma yake tuliona bamama na watoto wakipita hapa kwetu kuelekea Minova, godoro kichwani.

Hatusemi wale waliojenga ni wajinga. Mtu anajenga pale parseli inapolingana na mfuko wake. Kompyuta inaweza kusema hama. Haisemi nani atalipa kiwanja kingine. Hiyo ni kazi ya serikali, na wakaaji wanapashwa kuidai, sawa vile mchimbaji anadai hewa ipimwe kabla hajateremuka shimoni.

Bweremana nayo inakua. Maji ya Kabuno yanabeba gesi mingi, na mazuku ya upande wa Sake yanajulikana kwa kuua mbuzi na watu. Kabla machifu hawajagawa viwanja vingine, tupimiwe kama vile Tazieff alipima, hesabu ifanywe, na ramani isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote.