Al-Jahiz na Hukumu ya Sura

Kila nisikiapo mtu amenyimwa amana kwa ajili ya sura au kabila lake, mimi humkumbuka Al-Jahiz.

Jina lake hasa ni Amr bin Bahr, mzaliwa wa Basra, Iraq. Babu yake yasemekana alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Macho yake yalitokeza nje, ndipo akapewa lakabu hiyo. Alikulia katika ufukara, lakini elimu ilimpandisha. Kitabu chake cha Wanyama kina mijaladi saba.

Yasimuliwa kuwa Khalifa Al-Mutawakkil alimwita awafundishe wanawe. Sifa zake alikwisha kuzisikia. Alipomwona uso, akaghairi. Akampa dirham 10,000, akamrudisha. Fedha alipewa, amana ya watoto akanyimwa.

Al-Jahiz huyo ndiye aliyeandika risala ya kuwatetea watu weusi, wakiwamo Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani yetu. Wengi pale Basra waliwajua kama watumwa tu. Yeye aliwasifu kwa ukarimu na ufasaha.

Alifariki mwaka 255 wa Hijria, na vitabu vyake vyasomwa hadi leo. Kwa maoni yangu, mwaminifu hujulikana kwa kupewa amana akairudisha, si kwa kutazamwa.