Amiri Abdulkadir: Aliyeziweka Silaha Chini Bila ya Majuto

Katika nyumba nyingi za kale za mwambao wetu, silaha haikuwa chombo cha vita peke yake. Upanga na jambia viliangikwa ukutani, gobori la babu likafungiwa chumba cha ndani, na mtoto akionyeshwa vitu hivyo apate kujua ametoka katika watu gani. Ndiyo maana aliyeuza au kutoa silaha ya wazee wake alitazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba ametoa na heshima ya nyumba pamoja nayo.

Leo, msomaji mpenzi, tumtazame bwana mmoja ambaye silaha zake hazikuwa za kuangikwa. Alizitumia kwa muda wa miaka 15 kupigana na dola mojawapo kubwa ya zama zake. Alikuwa na karakana zake mwenyewe za kutengenezea bunduki na mizinga. Kisha, mwezi wa Desemba 1847, akaziacha zote. Akaishi miaka 35 baada ya hapo, wala hakutamani kuirudia vita aliyoiacha. Bwana huyo ni Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin wa Algeria.

MTOTO WA CHUONI

Abdulkadir alizaliwa mwaka 1808 katika kijiji cha Guetna, karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Algeria. Ukoo wao ulikuwa wa masharifu. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa mkuu wa zawiya ya Kadiria, tarika ile ile ambayo baadaye Sheikh Uways wa Barawa aliieneza hadi Unguja na pwani hii yetu.

Mtoto alihifadhi Kurani angali mdogo, akasoma fikihi na nahau, na wakati huo huo akawa mpanda farasi wa kusifiwa. Alipokuwa kijana alifuatana na baba yake kwenda kuhiji. Safari yao iliwachukua mpaka Dameski, na hata Baghdad kulizuru kaburi la Sheikh Abdulkadir Jilani. Waliporudi kwao, kijana alijifungia na vitabu vyake. Lau mambo yangalikwenda kama alivyopenda mwenyewe, huenda tungalimjua leo kama mwanachuoni tu.

Lakini Julai 1830 Wafaransa waliuteka mji wa Algiers, na utawala wa Waturuki ukavunjika. Makabila ya magharibi yakamwendea Sheikh Muhyiddin awaongoze katika jihadi. Mzee akaona umri umemtupa mkono, akamtoa mwanawe. Novemba 1832, katika uwanda wa Ghris, kijana wa miaka 24 akapewa baia na kuitwa Amiri. Kalamu ikabidi ikae kando, upanga ushikwe.

KARAKANA ZA BUNDUKI

Haukupita muda Wafaransa wakajua kwamba hawapigani na mtoto. Mwaka 1834 walifanya mkataba naye. Mwaka 1835 aliwavunja vibaya penye vinamasi vya Macta. Mwaka 1837 Jenerali Bugeaud akatia saini mkataba wa Tafna, uliomwachia Amiri sehemu kubwa ya magharibi na ya kati ya nchi.

Katika miaka hiyo michache ya amani alijenga serikali. Aliweka makhalifa wa majimbo na makadhi, akakusanya zaka kwa sharia, akapiga sarafu yake, na akaunda jeshi la askari wa mshahara. Huko Miliana alianzisha karakana ya bunduki, na huko Tlemcen kiwanda cha kusubu mizinga, akiwatumia na mafundi wa Kizungu waliokubali kumfanyia kazi. Hakutaka watu wake wategemee baruti ya kuombaomba.

Pamoja na hayo aliiwekea silaha mipaka. Alikataza kuuawa kwa mateka, na askari aliyemleta adui akiwa hai alipewa bakshishi. Mwaka 1841 aliafikiana na Askofu Dupuch wa Algiers wakabadilishana wafungwa. Hata hivyo haki isemwe: mwaka 1846, yeye akiwa mbali, mateka wa Kifaransa waliuawa katika kambi yake. Doa hilo lilimfuata muda mrefu, na wasiompenda hawakuacha kulitaja.

HASARA ILIYOUMA

Vita vilianza upya Novemba 1839. Safari hii Bugeaud, aliyefanywa gavana, hakutafuta jeshi la Amiri peke yake. Alichoma mashamba, akakata miti ya matunda, akanyang'anya mifugo, ili watu wafe njaa na waache kumfuata kiongozi wao. Askari wa Kifaransa wakazidi 100,000. Miji ya Amiri ikaanguka mmoja baada ya mmoja, na karakana za bunduki zikapotea pamoja nayo.

Akabaki na mji wa kuhamahama, wa mahema, wenye maelfu ya wanawake, watoto, wazee na mifugo. Mei 16, 1843, yeye akiwa hayupo, wapanda farasi wa Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme wa Ufaransa, waliuvamia. Maelfu walitekwa. Na ndani ya mahema hayo mlikuwa na maktaba ya Amiri, miswada aliyoikusanya kwa miaka mingi. Askari waliipora na kuitawanya, karatasi zikapeperuka jangwani.

Bunduki ikipotea, fundi hutengeneza nyingine. Mswada ulioandikwa kwa mkono, ambao pengine haukuwa na nakala ya pili, ukipotea umepotea.

USIKU WA MVUA

Amiri alikimbilia Moroko. Mwaka 1844 Wafaransa walilipiga jeshi la Moroko penye mto Isly, na Sultani wa huko akalazimishwa kumtupa mgeni wake. Desemba 1847, watu wa Amiri waliosalia walivuka mto Moulouya huku wakifukuzwa na askari wa Kiislamu wenzao.

Mbele walikuwa Wafaransa, nyuma Wamoroko. Yeye mwenyewe na wapanda farasi wachache wangaliweza kupenya kusini mpaka jangwani na kuendelea kupigana. Lakini wanawake, watoto na majeruhi wangaliachwa nyuma. Alikaa na wenzake wakashauriana, mvua ikinyesha usiku kucha. Alipotaka kumpelekea habari Jenerali Lamoricière, karatasi haikuandikika kwa maji. Basi akapeleka karatasi tupu yenye muhuri wake. Jenerali naye akampelekea upanga wake mwenyewe uwe dhamana.

Sharti la Amiri lilikuwa moja: yeye na watu wake wapelekwe nchi ya Kiislamu, Iskandaria au Akka. Wafaransa walikubali. Desemba 23 akajisalimisha, na kesho yake akampa Duke wa Aumale, ambaye sasa alikuwa gavana, farasi wake wa mwisho aliyempanda.

Hapo ndipo watu huuliza: je, si woga huo? Jawabu lake limo katika hesabu aliyoifanya usiku ule. Alichukua silaha kuwalinda watu wake. Siku alipoona kwamba kuishikilia ni kuwaangamiza wale wale aliowachukulia, aliona haina haki tena ya kukaa mkononi mwake.

AHADI NI DENI

Mfaransa hakulipa deni lake. Meli haikwenda Iskandaria, ilikwenda Toulon. Amiri na jamaa zake walifungwa ngomeni, kisha wakahamishiwa Pau, na baadaye kasri ya Amboise. Kifungo hicho kilidumu karibu miaka mitano. Baridi na maradhi yakawaua wengi, wakiwamo watoto. Huko Amboise peke yake kuna makaburi 25 ya watu wake.

Mwingine angalijuta kila asubuhi kwa nini aliitoa silaha. Amiri alisalisha, alisomesha na aliandika. Wageni walimjia, makasisi na maofisa, na hata wanajeshi waliowahi kuwa mateka wake walikuja kumshukuru kwa alivyowatendea. Alishawishiwa abaki Ufaransa kwa heshima na mali, mradi aisamehe serikali ahadi yake. Alikataa katakata. Alitaka ahadi itimizwe.

Oktoba 1852 Louis-Napoléon, aliyekuwa karibu kutawazwa mfalme, alikwenda Amboise mwenyewe kumwambia kwamba yu huru. Amiri naye akaahidi kutorudi kupigana Algeria. Ahadi hiyo aliitimiza mpaka kufa kwake, ingawa waliopewa walikuwa wamevunja yao.

SIKU ALIPOISHIKA TENA

Alikwenda kwanza Bursa, Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Dameski. Huko alirudia kile alichonyang'anywa na vita. Alidarisisha katika Msikiti wa Bani Umayya, akagharimia kupigwa chapa kitabu kikubwa cha Sheikh Ibn Arabi, Al-Futuhat al-Makkiyya, na akaacha mafundisho yake mwenyewe ya tasawufi yaitwayo Kitab al-Mawaqif.

Mwaka 1860 fitina iliwaka Mlima Lebanoni baina ya Wadruzi na Wakristo, na cheche zikafika Dameski. Amiri aliuona moshi kabla ya moto. Alimwonya gavana na wakubwa wa mji, wasimsikilize. Basi, kwa msaada wa konseli ya Ufaransa, zikapatikana silaha za kuwapa Waaljeria waliokuwa wakiishi naye, watu kama elfu moja.

Julai 9 kundi la watu lilivamia mtaa wa Wakristo, likichoma na kuua. Amiri, wanawe na askari wake wa zamani waliingia vichochoroni, wakawatoa Wakristo majumbani na kuwaleta nyumbani kwake. Nyumba ikajaa. Wengine wakasindikizwa mpaka ngome ya mji, wakalindwa huko. Alitangaza zawadi ya fedha kwa kila atakayemletea Mkristo akiwa hai, kama vile zamani alivyowafanyia mateka wa Kifaransa. Wenye ghadhabu walipofika mlangoni kwake kutaka wapewe watu hao, aliwatokea uso kwa uso na kuwarudisha. Waliookolewa walihesabiwa kwa maelfu.

Tuizingatie siku hiyo vizuri. Mtu aliyeiacha silaha miaka 12 na zaidi aliishika tena, na walioelekezewa bunduki zake walikuwa Waislamu wenzake. Hakuona tatizo, kwa kuwa sharia aliyoisoma chuoni inamwamrisha Mwislamu kumlinda dhimmi na kuihifadhi roho isiyo na hatia. Fitina ilipotulia, akarudi kwenye darasa lake.

Dunia ikamlipa kwa njia ya ajabu. Nishani zilitoka Ufaransa, kwa Papa wa Roma na kwingineko. Imamu Shamil, shujaa wa Kaukazi aliyekuwa kifungoni kwa Warusi, alimwandikia barua ya kumpongeza. Naye Rais Abraham Lincoln wa Marekani akamletea bastola mbili za fahari. Hivyo mtu aliyeziaga silaha zake akaletewa nyingine kwa kuwa alijua lini ziwekwe na lini zishikwe.

WALIOMLAUMU

Si wote waliomsifu. Wako waliosema, na wako wasemao hata sasa, kwamba alikula pensheni ya Mfaransa huku nchi yake ikiteseka. Mwaka 1871 Algeria ilipoasi tena, na mwanawe mmoja akaenda kujiunga, baba alijitenga naye hadharani. Kwa mzalendo hilo ni neno chungu, wala hatuna haja ya kulitia sukari. Lakini ahadi ni ahadi, na Amiri hakuwa na ndimi mbili.

Alifariki Mei 1883 nje kidogo ya Dameski, akazikwa karibu na kaburi la Ibn Arabi. Baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mabaki yake yalirudishwa kwao kwa heshima kubwa, nchi ikamkubali kuwa baba wa taifa.

Leo katikati ya Algiers iko sanamu yake. Yuko juu ya farasi, upanga ameuinua. Hivyo ndivyo watu wapendavyo kumkumbuka shujaa, wala si kosa, kwani miaka 15 ile ilikuwa ya kweli. Lakini miaka 35 iliyofuata ilikuwa ya kweli pia, na sehemu kubwa yake aliipitisha akiwa ameketi, kitabu kipo mbele yake na wanafunzi wamemzunguka. Mwenyezi Mungu amrehemu.